Duka linatoa mazabodi ya bure ukinunua prosesa. Niichukue au niiache? (Arusha)

Ndege_wa_Meserani (mtoa mada)

Wakuu, habari za jioni. Nipo Arusha, kazi yangu ni kuhariri video za watalii. Wageni wanarudi kutoka Serengeti na Ngorongoro kadi zimejaa, kampuni inataka filamu fupi iwe tayari kabla hawajapanda ndege KIA. Laptopu imezeeka, 4K inakwama kila ukibonyeza. Nimeamua kuunganisha kompyuta ya mezani, kifaa kimoja kimoja.

Nilivyonavyo tayari: kadi ya grafiki RTX 3060 ya GB 12, RAM za DDR4 mbili za GB 8, pawa saplai ya wati 650, SSD ya M.2 ya TB 1. Bado prosesa na mazabodi, yaani bodi kuu inayounganisha vifaa vyote. Kuna duka mjini lina ofa: chukua Ryzen 7 5700X kwa 620,000, unapewa mazabodi ya A520 (daraja la chini) bure. Duka jingine prosesa hiyo hiyo peke yake ni 540,000. Mazabodi ya B550 (daraja la juu yake) niliyoiona ni 330,000.

Hii ya bure inanifaa?

Kijenge_Juu

Bure iko wapi hapo mkuu? 620 toa 540 ni elfu themanini. Umeuziwa mazabodi kwa themanini, wakaandika bure. Uliza kama A520 ina thamani ya themanini. Mimi nasema ni halali yake, mpya ndani ya boksi huipati kwa hela hiyo.

Chalii_wa_Ngarenaro

Usiguse. PCIe ndiyo njia ya data ya kadi: A520 ni PCIe 3.0, kadi yako ni 4.0. Unakata spidi ya kadi nusu kwa nusu. Rahisi inavunja upishi.

Tengeru_Solda

Chalii, usimtishe mtoa mada. Inayopungua nusu ni spidi ya njia za data, kadi inabaki na nguvu zake. RTX 3060 ina njia 16. Njia moja ya PCIe 3.0 inapitisha karibu GB 1 kwa sekunde, kwa hiyo zote 16 zinapitisha karibu GB 16. Kadi ya daraja hilo haizimalizi, si kwenye gemu wala kwenye kurenda (kutoa filamu iliyokamilika).

Kadi zinazoumia ni zile zenye njia chache. RX 6500 XT ina njia 4 tu na kumbukumbu ya GB 4. Ukiichomeka kwenye 3.0, kumbukumbu ikishajaa inaporomoka vibaya. RX 6600 ina njia 8, inapoteza kidogo tu. Mtoa mada angekuja na 6500 XT ningemwambia akimbie.

Kwa kazi yake tofauti ingeonekana kwenye SSD. M.2 ya 3.0 inaishia kama MB 3,500 kwa sekunde, za 4.0 zinafika 7,000. SSD yako ni ya kizazi gani?

Ndege_wa_Meserani

Ni ya 3.0 mkuu. Asante.

Tengeru_Solda

Basi hapo hupotezi kitu.

Chalii_wa_Ngarenaro

Leo hapotezi. Mwakani akitaka SSD ya 4.0 je? Mazabodi haibadilishwi kama betri ya rimoti. Ukiitoa umetoa kila kitu.

Mangi_Kiboriloni

Salamu kutoka Moshi. Kabla hamjagombana, mtoa mada hakikisha ni 5700X kweli. Kuna Ryzen 7 5700 isiyo na X na wauzaji wengi wanazichanganya, wengine bila kujua, wengine wakijua kabisa.

Ya X ina kashe ya L3 (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) ya MB 32 na inakubali PCIe 4.0. Isiyo na X imetokana na familia ya zile zenye grafiki ndani, ila grafiki yenyewe imezimwa: kashe ni MB 16 na PCIe yake ni 3.0. Zote kori 8, zote wati 65, kwa hiyo kwenye karatasi ya duka zinaonekana pacha. Kama wanachokupa ni 5700 tupu, B550 ya 330,000 haikusaidii chochote upande wa PCIe, kwa sababu prosesa yenyewe inaishia 3.0. Hapo A520 ndiyo mwenzake kabisa. Lakini 620,000 itakuwa umepigwa.

Geuza boksi, soma namba. Ikiishia na WOF, ndani hakuna feni. Ikiishia na BOX, feni imo. 5700X inakuja bila feni.

Kijenge_Juu

Hapo Mangi umenena. Watu wa Moshi kumbe mnajua na vitu vingine zaidi ya kahawa.

Mangi_Kiboriloni

Sisi tunajua hesabu. Nyie wa Chuga mnajua kofia.

Mama_Tunu_Sakina

Mtoa mada, ngoja nikuambie nilichokiona mimi, maana nina steshenari na kompyuta zangu nimeziunganisha mwenyewe.

Duka moja, silitaji, lilinipa mazabodi ya ofa kama hiyo. Boksi lilikuwa na utepe wa gundi, linang'aa. Nikafungua pale pale kaunta. Kile kibati chembamba cha nyuma chenye matundu ya USB na HDMI hakimo. Kale kaskrubu ka M.2 na kinguzo chake cha shaba havimo, tundu liko wazi. Nikainua plastiki ya soketi, pembeni kuna gundi ya joto ya kijivu imekauka kama uzi. Hiyo imeshawahi kukalishwa prosesa, ikavuliwa, ikarudishwa boksini. Nikaiacha hapo hapo.

Sisemi yako ni hivyo. Nasema fungua mbele yao. Kibati kisipokuwemo, kesi inabaki na dirisha nyuma na vumbi la huku unalijua. Kaskrubu kasipokuwemo, SSD yako itakaa imeinuka kama mkia. Na hakikisha bati la nyuma ya soketi lipo, feni nyingi za AM4, soketi ya Ryzen hizi, zinafungwa humo.

Ndege_wa_Meserani

Dada asante sana, hili la kibati nisingeliwaza.

Jicho_la_Mnara_wa_Saa

Jamani mimi nauliza kitu kimoja: kwa nini watoe bure? Duka la Sokoine linalipa kodi ya pango, linalipa TRA, linalipa kijana wa kaunta. Huwezi kumpa mtu mazabodi bila sababu.

Kijenge_Juu

Nimeshasema, bei imo ndani ya prosesa.

Fundi_Pasua

Si hivyo tu. Ryzen za kwanza za AM4 zilitoka 2017. AM5 imetoka 2022 na inakubali DDR5 peke yake. Mwenye stoku ya A520 kila mwezi anaona thamani inashuka, anaifunga na kitu kinachotembea ili itoke rafuni. Hakuna ubaya wowote hapo, mnunuzi ananufaika.

Mama_Tunu_Sakina

Au ni zile zilizorudishwa na wateja. Niliyoiona mimi haikuwa stoku ya zamani, ilikuwa imetumika.

Jicho_la_Mnara_wa_Saa

Na mimi nimesikia wasambazaji wakubwa wa Dar wanawauzia maduka kwa mafungu, hupewi prosesa zinazotakiwa mpaka ubebe na mazabodi zisizotakiwa. Sasa duka lifanye nini nazo?

Fundi_Pasua

Hilo nalo linawezekana. Lakini bado halimwambii mtoa mada kama mazabodi ni nzima.

Olasiti_Kwa_Vumbi

Nashangaa hakuna aliyetaja BIOS, programu ya mazabodi inayoiwasha kompyuta. A520 zilitoka Agosti 2020. Ryzen 5000 za kwanza zikatoka Novemba mwaka huo huo, na 5700X ni ya Aprili 2022. Mazabodi iliyotoka kiwandani mwanzoni kabisa na kukaa rafuni hadi leo ina BIOS isiyoitambua prosesa hiyo. Unawasha, feni zinazunguka, skrini nyeusi. Mtu anadhani amenunua kitu kibovu.

Dawa ziko mbili. Mazabodi nyingine zina kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi bila prosesa. Nyingi za bei ya chini hazina, hapo lazima uwe na prosesa ya zamani inayokubalika uiwashe nayo kwanza. Na kumbuka 5700X haina grafiki ndani, kwa hiyo kebo ya monita ichomekwe kwenye RTX, si kwenye mazabodi. Nimeona watu wanarudisha vitu vizima dukani kwa sababu ya hilo.

Masharti yangu kwa duka lolote: waiwashe na prosesa yangu, mbele yangu, niione BIOS kwa macho. Ikiwaka pale, nusu ya maswali ya uzi huu yameisha.

Chalii_wa_Ngarenaro

Hili naunga mkono.

Tengeru_Solda

Naongeza swali. Mtoa mada, baadaye una mpango wa kupanda prosesa?

Ndege_wa_Meserani

Ndiyo, nilikuwa na wazo la 5950X kazi zikiongezeka.

Tengeru_Solda

Basi hapo mambo yanabadilika. 5700X inavuta hadi wati 76 kwenye soketi, A520 yoyote nzima inaimudu. 5950X inaruhusiwa hadi wati 142. A520 nyingi za bei ya chini zina VRM (saketi inayolisha prosesa umeme) ndogo, haina hata kipande cha alumini juu yake. Kurenda kwa saa zima si sawa na kufungua Word. VRM ikichemka prosesa inajishusha spidi, wewe unaona tu filamu inachelewa na hujui kwa nini. Kwa 5950X nunua B550 yenye hitisinki ya maana tangu mwanzo.

Mangi_Kiboriloni

Hapo sikubali yote. Arusha ni baridi, mko karibu mita 1,400 juu. Huku kwetu ndiyo joto.

Tengeru_Solda

Hewa ya nje haifiki kwenye VRM iliyo ndani ya kesi iliyofungwa chini ya meza. Na huko juu hewa ni nyepesi, inabeba joto pungufu kuliko ya pwani. Tofauti si kubwa, lakini usimpe matumaini ya baridi.

Njiro_Blok_C

Kwani lazima AMD? Nipo kwenye kazi hiyo hiyo ya video za safari. Kama kamera yako inarekodi HEVC (aina ya kubana video) ya 4:2:2 biti 10, yenye rangi nyingi zaidi, RTX 3060 haiifungui kwa maunzi yake, prosesa inabeba mzigo wote. Grafiki ya ndani ya Intel tangu kizazi cha 11 inaifungua yenyewe, na Premiere Pro inaitumia. Mimi nina i5-12400, ile isiyo na F, kwenye mazabodi ya H610, na laini yangu ya 4K inatembea bila kutengeneza nakala nyepesi kwanza. Ukichukua yenye F, grafiki ya ndani haipo na faida yote imeondoka.

RAM zako za DDR4 zinaingia, ila soma boksi, kuna H610 za DDR4 na za DDR5.

Chalii_wa_Ngarenaro

Sasa tumetoka kwenye mazabodi ya bure tumefika Intel.

Njiro_Blok_C

Swali lake ni kama mazabodi inafaa kazi yake. Kazi yake ni video. Lazima tuulize kamera kwanza.

Ndege_wa_Meserani

Kamera za wageni ni mchanganyiko mkuu. Simu, GoPro, na mpiga picha wetu ana Sony inayorekodi 4:2:2 biti 10. Kwa mwezi labda robo ya kazi ndiyo ya Sony.

Njiro_Blok_C

Kwa robo unaweza kutengeneza nakala nyepesi usiku ukalala. Ingekuwa robo tatu ningekukatalia AMD kabisa.

Fundi_Pasua

Mimi kinachonisumbua ni sloti za RAM. A520 za bei hiyo karibu zote ni sloti mbili. Ana mbili za GB 8, zimejaa. Kwa 4K GB 16 zitambana mapema, na siku anataka 32 lazima avue zote mbili auze, anunue mbili za 16. B550 ya sloti nne angeongeza tu. Weka hiyo kwenye hesabu ya ile 330,000.

Kijenge_Juu

RAM za GB 8 zinauzika Arusha siku hiyo hiyo. Wanafunzi wa chuo cha ufundi ATC wanazitafuta.

Fundi_Pasua

Zinauzika kwa bei ya mnunuzi, si yako.

Loita_Umeme

Wakuu mimi ni fundi umeme, naomba niseme kitu ambacho mafundi kompyuta hamkisemi. Mazabodi ninazoona zimekufa mjini hapa, ziwe za bure ziwe za laki nne, mara nyingi hazikufa kwa ubora. Umeme unakatika, unarudi, unakatika tena ndani ya dakika. Na nyumba nyingi za kupanga soketi ya ukutani ina tundu la ethi lakini nyuma yake hakuna waya. Ukigusa kesi unasikia inakung'ata vidoleni. Ile ni vichujio vya pawa saplai vinatafuta ardhi havioni. Halafu mtu anachomeka kebo ya HDMI kompyuta ikiwa imewaka, cheche inapita, kadi au mazabodi inaondoka.

Fungua kifuniko cha soketi yako, ukizima swichi kuu kwanza, angalia kama waya wa kijani na njano umefika. Kisha UPS. Stabilaiza peke yake haikusaidii umeme ukikatika katikati ya kurenda.

Mama_Tunu_Sakina

Hili la kung'ata nilikuwa nalo mpaka fundi akazika nondo ya ethi uani. Likaisha.

Tengeru_Solda

Nakubali ethi ni muhimu, ila si kweli kwamba ubora hauhusiki. Nimeshazifungua nyingi. Za bei ya chini zinapunguza vipuri vya kulinda matundu ya USB na mtandao. Umeme ule ule, mazabodi mbili, moja inaamka nyingine haiamki.

Loita_Umeme

Inawezekana. Lakini pawa saplai mbovu inaua zote mbili. Mtoa mada, hiyo ya wati 650 ni ya kweli au ya kwenye stika?

Ndege_wa_Meserani

Ni ya kampuni inayojulikana, ina cheti cha 80 Plus Bronze, nzito.

Loita_Umeme

Sawa. 80 Plus inapima inavyotumia umeme vizuri, haipimi ulinzi, lakini angalau si bati tupu.

Usa_River_Kwa_Bibi

Mbona asiende Nairobi? Luthuli Avenue B550 utapata chini ya hapo, ni kuvuka Namanga tu.

Jicho_la_Mnara_wa_Saa

Na ikifa wiki ya pili? Waranti iko Nairobi. Nauli kwenda, nauli kurudi, siku mbili za kazi. Bora hata Kariakoo, unarudisha kwa basi.

Usa_River_Kwa_Bibi

Hapo sawa, sikuwaza waranti.

Ndege_wa_Meserani

Wakuu nimerudi kutoka dukani. Nimefanya mlivyosema.

Prosesa ni 5700X kweli, namba inaishia WOF, kwa hiyo feni nanunua mwenyewe. Mazabodi ni A520M, sloti mbili za RAM, M.2 moja, sehemu mbili za kuchomeka feni, moja ya prosesa na moja ya kesi. Kesi yangu ina feni tatu. Haina sehemu ya USB-C ya mbele, na kesi yangu inayo. Boksi lilikuwa halijafunguliwa, kibati kimo, kaskrubu kamo, bati la nyuma lipo, soketi safi. Kwenye boksi kuna stika ya Ryzen 5000. Muuzaji amekubali kuiwasha mbele yangu Jumamosi nikija na kadi na RAM. Waranti ya mazabodi miezi mitatu, ya prosesa mwaka.

Chalii_wa_Ngarenaro

Miezi mitatu kwa mazabodi, mwaka kwa prosesa. Muuzaji mwenyewe amekujibu anaiamini kiasi gani.

Kijenge_Juu

Ni mpya, stika ipo, anaiwasha mbele yako. Feni tatu zinaungwa kwa waya wa kugawa wa elfu chache, ila jumla yake isizidi ampea moja kwenye tundu moja. USB-C ya mbele utaishi bila. Chukua.

Mama_Tunu_Sakina

Mimi ningemwomba tofauti: aitoe mazabodi, anipe prosesa kwa 540 kama jirani yake. Akikataa ujue ile themanini ndiyo faida yake. Akikubali, weka akiba ya B550.

Tengeru_Solda

Kila kitu kinarudi kwenye 5950X. Kama wazo hilo ni la kweli, B550. Kama lilikuwa ndoto, A520 inamtosha miaka kadhaa na laki mbili na nusu zinazobaki anunue UPS na RAM mbili za 16.

Njiro_Blok_C

Angezipeleka kwenye RAM zote. Kwenye 4K RAM ndiyo inakwamisha kabla ya prosesa.

Loita_Umeme

UPS kwanza.

Ndege_wa_Meserani

Nashukuru sana wote. Nimemuuliza bosi kuhusu 5950X, amesema msimu wa Julai ukienda vizuri. Kwa hiyo si ndoto lakini si hakika. Ombi la dada wa Sakina nitalitoa Jumamosi kabla hatujawasha chochote. Nitaleta picha.

Pasua_Mtaa_wa_Tatu

Samahani kuingilia. Mdogo wangu ana Ryzen 3 3200G, mazabodi yake imekufa. Mtoa mada akiiacha hiyo A520, tunaweza kuichukua sisi?

Mangi_Kiboriloni

Hapana mkuu, usihangaike nayo. 3200G haimo kwenye orodha rasmi ya A520, wala ya B550, ingawa ina namba ya 3000. Mtafutie B450. Ikikosekana, A320 nzuri inamtosha. Mwambie anitumie ujumbe, Double Road kuna fundi ana moja ya kuuza.

Pasua_Mtaa_wa_Tatu

Asante Mangi. Ina kibati cha nyuma?

Mangi_Kiboriloni

Nitaulizia kesho asubuhi.